Ngoma na Kisu: Kufufua Mchezo wa Kale katika Ugogo

Msafiri aendaye Dodoma kwa barabara ya Morogoro hupita Buigiri kabla ya kuingia mjini. Nchi ya hapo ni kame. Mvua huja kwa miezi michache tu, tangu Desemba hata Aprili, na katika miezi iliyosalia mibuyu husimama bila majani kama watu waliovuliwa nguo. Wamisionari wa Church Missionary Society walijenga kituo chao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na katika mwaka wa 1950 Kanisa la Anglikana likafungua Buigiri shule ya watoto wasioona, iliyokuwa ya kwanza ya namna yake katika Tanganyika. Jirani ya Buigiri ni Chamwino, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifanya kazi pamoja na wanakijiji wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971, na ambako Ikulu mpya ilifunguliwa katika mwaka wa 2023. Basi katika mahali padogo mtu aweza kuona kwa jicho moja mambo matatu makubwa yaliyoibadili Ugogo: kanisa, serikali na elimu. Kila moja la mambo hayo liliikuta ngoma ya Wagogo imetangulia kufika, na kila moja kwa zamu yake lilitaka kuipa jukwaa jipya.

Katika Kiswahili neno ngoma ni pana. Ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji unaofuata mapigo, na ni shughuli yenyewe pamoja na watu wote walioihudhuria. Upana huo si ufukara wa lugha, maana mambo hayo matatu hayakutenganishwa katika maisha. Mtu akiitazama muheme, ambayo ni ngoma kuu ya wanawake wa Kigogo, ataona kwamba ina kila kitu kitakiwacho katika mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Wanawake husimama kwa safu, ngoma zimebanwa mapajani, mikono ikipiga ngozi kwa haraka na kiuno kikifuata. Kiongozi hutoa wimbo, wenziwe humpokea. Njuga za miguuni huongeza mapigo yake. Tena, zamani, palikuwa na kisa chenye mwanzo, kati na mwisho: mtoto wa kike aliondolewa katika utoto, akafichwa, akafundishwa, akarudishwa mbele ya watu akiwa mtu mwingine. Asili ya muheme imefungamana na unyago wa wasichana. Mchezo huo haukuwa na tiketi wala pazia, lakini ulikuwa na wachezaji, watazamaji na hadithi, na hadithi yenyewe ilimpata mchezaji mkuu katika mwili wake.

Muheme haikuwa peke yake. Wagogo walikuwa na msunyunho, ambao ni uimbaji wa sauti nyingi zinazokwenda pamoja bila kufanana. Walikuwa na nindo, na walikuwa na nyimbo za zeze na za ilimba, chombo cha vibao vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Nchi ya njaa huhifadhi kumbukumbu zake katika nyimbo. Na Ugogo imeona njaa nyingi, mbaya kuliko zote ikiwa ile ya Mtunya iliyoanza 1917 na kuendelea mpaka 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kula nafaka na ng'ombe na kuchukua vijana kuwa wapagazi. Walakini katika habari za kufufua mchezo wa kale, muheme ndiyo yenye mafundisho mengi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyobeba mzigo mgumu zaidi.

Kanisa lilikuwa la kwanza kuihukumu. Wahubiri wa kwanza waliiona ngoma pamoja na mambo yaliyoizunguka, pombe, tambiko na unyago, wakaikataa yote kwa pamoja. Wakristo wapya walipewa nyimbo za Kizungu zilizotafsiriwa, zenye tuni za sauti nne, na Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoanzishwa katika mwaka wa 1927 desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Wala si haki kusema kwamba wahubiri hawakuwa na sababu. Waliyoyakataa yalikuwa na damu ndani yake, kama itakavyoelezwa mbele. Kosa lao, kama lilikuwa kosa, lilikuwa katika kudhani kwamba ngoma na damu ni kitu kimoja, na kwamba mtu hawezi kushika moja akaacha nyingine.

Waumini wenyewe ndio waliokuja kulitengua fundo hilo. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mapigo ya muheme yaliingia kanisani, yakachukua maneno ya Biblia, na wanawake wakapiga ngoma mbele ya madhabahu ambako mama zao wasingethubutu. Kedmon Mapana, mwanazuoni wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyewe mzaliwa wa Ugogo, aliyaeleza mabadiliko hayo ya muheme katika makala aliyoitoa mwaka wa 2007. Huo ulikuwa ufufuo wa kwanza, nao ulikuwa wa kishujaa kuliko unavyosemwa. Mapigo yalihifadhiwa, na safu ya wanawake pia. Kisa ndicho kilichobadilishwa: mahali pa mwari aliyerudi nyumbani pakakaa mwenye dhambi aliyerudi kwa Mungu. Kilichopotea ni mafundisho yale ambayo mwanamke mkubwa humpa msichana juu ya mwili wake, ndoa yake na watoto wake, mambo yasiyosemwa kwa urahisi mbele ya mkutano wa wanaume na wanawake siku ya Jumapili.

Jukwaa la pili lilijengwa na taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za kigeni na hawakuzijua ngoma za nchi yao hata kwa majina. Baada ya hapo kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na kilipovunjwa, kazi yake ikarithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichofunguliwa 1981. Wachezaji wa kabila hili walijifunza ngoma za kabila lile. Shughuli iliyokuwa ikichukua usiku mzima ikafupishwa iwe ya dakika chache. Duara ikafunguliwa ikawa safu, ili watazamaji walioketi upande mmoja waone. Na ngoma ya mavuno ikafuatwa mara moja na ngoma ya harusi, ingawa hapakuwa na mavuno wala bibi harusi.

Watu wengi wameulaumu ufupisho huo, na lawama ina haki yake. Lakini ni lazima kutazama pia faida. Kwa njia hiyo mtoto wa Mtwara aliisikia muheme, na mtoto wa Dodoma akaiona ngoma ya Wamakonde. Tena katika jukwaa hilo alitokea Hukwe Zawose, Mgogo ambaye Nyerere mwenyewe alimwita kutoka Ugogo aende Dar es Salaam, na ambaye baadaye aliishi Bagamoyo na kuipeleka sauti ya nchi yake katika matamasha ya Ulaya na Marekani. Zawose hakuvitunza vyombo vya wazee kama mlinzi wa nyumba ya makumbusho. Aliviongeza. Ilimba aliyopiga ilikuwa na vibao vingi kupita ile ya mababu, na zeze alilitia nyuzi zaidi. Katika mwaka wa 2002 alitoa sahani ya muziki aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, na katika Desemba ya 2003 akafariki dunia.

Yaliyotokea baada yake yastahili kuangaliwa kwa makini. Katika jamaa ya Zawose wanawake walikuwa wakipiga ngoma, wakicheza na kuitikia, na wanaume ndio waliozoea kushika zeze na ilimba na kuongoza. Katika mwaka wa 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa sahani iitwayo Maisha kwa jina la Zawose Queens, wao wenyewe wakiongoza kwa sauti na kwa vyombo. Mapigo ni yale yale. Aliyebadilika ni mwenye neno la kwanza, na kwa badiliko hilo moja mchezo mzima umepata maana mpya. Hata hivyo jukwaa la taifa na la dunia lina upungufu usiotibika kwa kipaji: mtazamaji wa mbali hawezi kumwambia mchezaji kwamba amekosea. Hupiga makofi kwa kila kitu.

Ufufuo wa tatu ulitaka kulitibu jambo hilo. Katika mwaka wa 2009, kwa juhudi za Mapana na wenzake, lilianzishwa Chamwino tamasha la muziki wa Kigogo. Hapo vikundi hutoka vijijini kuja kucheza mbele ya Wagogo wenzao. Bibi kizee aliyeketi chini ya mti aijua ngoma ichezwayo. Ajua mapigo ya kijiji chake na ya kijiji cha jirani, naye hucheka pale panapostahili kicheko. Vikundi vya watoto huja pia, na mtoto hujifunza kwa kumtazama mkubwa kama ilivyokuwa tangu zamani. Jukwaa limerudi nyumbani, lakini kwa namna mpya: siku imepangwa, wageni wa nchi za mbali wamealikwa, na picha zinapigwa. Mtu hawezi kusema kwamba huko ni kurudi katika mambo ya kale. Ni mchezo wa kale uliowekwa mbele ya hakimu wake wa haki katika zama mpya.

Hapa ndipo swali la kisu linapoingia, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulikwepa. Unyago ulioambatana na muheme uliambatana pia na ukeketaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini utafiti wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Dodoma wanawake 47 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, hali katika nchi nzima hesabu ilikuwa 10 kwa 100. Utafiti huo huo ulionyesha jambo la kuhuzunisha zaidi. Miongoni mwa waliokeketwa, kiasi cha theluthi moja walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja wa maisha yao. Mtoto wa miezi michache hafundishwi kitu. Hapigiwi ngoma, harudishwi mbele ya watu, na hakuna wimbo aimbiwao. Anakatwa ndani ya nyumba, kimya, ili serikali isijue.

Basi ngoma na kisu, vilivyokaa nyumba moja kwa vizazi vingi, vimeachana. Ngoma imetoka uwanjani, inapigwa kanisani, Bagamoyo, Chamwino na ng'ambo, na watu huishangilia. Kisu kimeingia ndani na kufunga mlango. Wapenzi wa mila husema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo ni ya kweli; lakini haimwambii mtu asili ni ipi kati ya viwili hivi. Kama asili ni kisu, basi wanaokata watoto wachanga gizani ndio warithi wa mababu, hata kama hawajui wimbo hata mmoja. Kama asili ni mafundisho na furaha ya watu kumpokea binti yao katika utu uzima, basi kisu kimekuwa mwizi wa mila, maana kimechukua jina lake na kuacha mambo yake yote. Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na historia yenyewe ndiyo iliyoithibitisha: kisu kilipobaki peke yake hakikuweza kutunza hata kipande kimoja cha unyago.

Tatizo la kazi nzuri yenye sumu ndani yake si la Ugogo tu. Katika majumba ya michezo ya New York na London kuna michezo ya nyimbo iliyotungwa kati ya miaka ya 1940 na 1970, inayopendwa mno na kurudiwa mara kwa mara, ambayo ina mambo yasiyokubalika tena. Wafufuaji wake wamefuata njia mbalimbali. My Fair Lady, mchezo wa 1956, humalizika msichana akimrudia bwana aliyemdharau. Katika uchezaji wa New York wa 2018 ulioongozwa na Bartlett Sher, maneno yaliachwa kama yalivyo, lakini mwishoni msichana alitoka akaenda zake. Company, mchezo wa 1970, ulikuwa habari za mwanamume asiyetaka kuoa. Marianne Elliott aliuchezesha London katika 2018 akamfanya mhusika mkuu kuwa mwanamke. Oklahoma!, mchezo wa 1943, ulichezwa New York katika 2019 chini ya Daniel Fish kwa nyimbo zile zile, lakini kwa namna iliyoonyesha ukatili uliokuwa umefichwa chini ya furaha yake. Ushujaa wa hao wote haukuwa katika taa na mavazi. Walichagua ni nani katika mchezo atakayepewa haki aliyonyimwa.

Karibu zaidi na Ugogo kuna mfano wa Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Huko, katika mwaka wa 1977, wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, wakacheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo nyingi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waandishi walileta maandiko, na wakulima na wafanyakazi wakayasahihisha: mzee husemaje anapozungumza na kijana, wimbo huu uliimbwaje, kibarua hulipwaje. Serikali iliuzuia mchezo huo katika Novemba ya mwaka ule ule, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, na katika mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Katika Mei ya 2022 mchezo ulichezwa tena, safari hii katika Kenya National Theatre jijini Nairobi, chini ya uongozi wa Stuart Nash, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Kurudi kwake kulikuwa ushindi, kwa maana kazi iliyozimwa kwa nguvu ilisikika tena katika mji mkuu miaka 45 baadaye. Lakini watazamaji wa Nairobi waliketi kama watazamaji, na sauti ya mkulima amsahihishaye mwandishi ndiyo iliyokuwa vigumu zaidi kuifufua.

Mifano hii ikiwekwa pamoja na ile ya Buigiri na Chamwino, hukumu moja hupatikana. Kufufua mchezo wa kale ni kuamua upya mambo ambayo wa kwanza waliyaamua: nani aongoze, nani afundishwe, nani aumizwe na nani aachwe salama. Hakuna ufufuaji usio na uamuzi huo, hata ule unaojidai kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kanisa liliamua kwamba muheme ifundishe wokovu, taifa likaamua ifundishe umoja, na tamasha la Chamwino limeamua kwamba Wagogo wenyewe wawe mahakimu. Uamuzi uliobaki ni wa nne, nao ni mgumu kupita yote: kwamba muheme ipewe tena kazi yake ya kumfundisha msichana, hadharani, bila kisu.

Jambo hilo halifanyiki kwa sheria peke yake. Sheria imeweza kukifukuza kisu uwanjani, lakini haikuweza kukitoa ndani ya nyumba. Kinachoweza kuingia ndani ya nyumba ni sauti ya wanawake wazee, wale wale ambao zamani walikuwa wakuu wa unyago. Wao ndio walioweza kusema kwamba binti hajawa mtu mzima mpaka apite mikononi mwao, na wao ndio wawezao kusema leo kwamba amekwisha kuwa mtu mzima kwa wimbo, kwa mafundisho na kwa kupokewa na jamaa zake, wala hakudaiwa damu. Neno hilo likitoka kwa mgeni ni matusi, na likitoka kwa polisi ni tishio. Kwa mama mwenye ngoma mapajani ni mila.

Katika shule ya wasioona ya Buigiri mtoto aisikiaye muheme haoni shanga za wachezaji, wala safu iliyonyooshwa kwa ajili ya picha. Yote ambayo jukwaa jipya limeyaongeza kwa ajili ya macho kwake si kitu. Husikia mapigo, husikia anayeongoza na wanaoitikia, na husikia maneno yanayosemwa. Msikilizaji wa namna hiyo hadanganyiki kwa mavazi. Kama katika ngoma iliyofufuliwa hakuna mtu anayesema neno na hakuna anayefundishwa neno, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuutambua ukimya huo.